Chupa za Bluu za Madame Kapinga

Tata Banza, yaani Baba Banza, alizikwa Kolwezi mvua zilipoanza, na mimi nilifika kwenye kilio siku moja baada ya mazishi, kwa basi la kutoka Lubumbashi. Nyumba yake ya mwisho ilikuwa katika mtaa wa Kasulo, na kwenye sakafu ya sebule kulikuwa na kiraka kikubwa cha saruji, mahali ambapo yeye, aliyekuwa mpimaji wa madini katika maabara ya Kampuni, alichimba kobalti uzeeni kama majirani zake wote. Wanawake wa ukoo walikuwa wameketi ndani juu ya mikeka, samani zote zikiwa zimetolewa nje, na mjane alikuwa katikati yao akiwa ameegemea ukuta. Nje, chini ya turubai, walikaa wageni kwenye viti vya plastiki: wastaafu wa Kampuni, watu wa kanisa, vijana waliokuja kwa ajili ya chakula. Katika safu ya nyuma kabisa alikaa mwanamke mzee mwenye miwani, mkoba juu ya magoti, mgongo ukiwa haugusi kiti. Hakuna aliyemsalimu kwa jina. Nilimtambua kwa ule mgongo. Alikuwa Madame Kapinga, mke wa kwanza wa marehemu na mwalimu wangu wa biolojia, na alikuwa amekuja kwa treni kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, bila kuitwa na mtu. Nilivuta kiti nikakaa kando yake. Nimefanya kazi ya redio kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi hiyo humzoesha mtu kuuliza swali la kwanza mapema, kabla anayeulizwa hajajipanga. Siku hiyo niliacha swali likae. Tulitazama mvua ikijaa kwenye turubai na wanaume wakiisukuma kwa fimbo, na yeye akasema tu kwamba nimenenepa.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule ambao watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi. Nilikuwa darasa la mwisho la sekondari, na nilikaa kwa Tata Banza na Madame Kapinga kwa sababu wazazi wangu walikuwa wakiishi mbali na shule. Nyumba ilikuwa ya Kampuni, katika mstari wa nyumba zinazofanana, kila moja na kiwanja chake kidogo nyuma. Kulikuwa na sebule yenye viti vinne na saa ya ukutani iliyosimama, chumba chao, na chumba changu ambacho niligawana na magunia ya unga na vitabu vya Madame. Ukuta kati ya chumba changu na sebule ulikuwa mwembamba. Mtu akikohoa upande ule, upande huu unajua ni nani. Lakini maisha yalikuwa jikoni, chumba kirefu chenye dirisha linalotazama mawio, mbabula, yaani jiko la makaa, karibu na mlango, na meza ambayo asubuhi ilikuwa ya kukatia sombe, yaani kisamvu, na baadaye ya kusomea. Tata Banza alikuwa Muluba wa kaskazini mwa Katanga, na alipenda bukari, yaani ugali, ya mahindi matupu. Madame alizaliwa Kolwezi, lakini kwa wazazi wa Kikasai, na mama yake alikuwa amemlea kwa bukari iliyochanganywa na unga wa muhogo, inayovutika. Walikuwa wakitaniana juu ya hilo kila siku. Yeye alisema bukari ya mume wake inafaa kujengea ukuta. Mume alijibu kwamba ile yake inafaa kubandikia stempu. Mwishowe ilipikwa ya mahindi, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mwanamume, na nyumba ilitoka kwenye kazi yake.

Machimbo yalikuwa yakisimama moja baada ya jingine. Umeme ulikatika, mishahara ilichelewa, na wakubwa wa mkoa walikuwa wakisema mikutanoni kwamba waliokula kazi za wenyeji wanajulikana. Waliowataja ni Wakasai, ambao babu zao waliletwa na Wazungu kufanya kazi migodini na kwenye reli, na wajukuu wao hawakuijua Kasai isipokuwa kwa jina. Vijana wa chama chao walianza kupita mitaani. Waliwaita watu hao bilulu, yaani wadudu. Kwanza walipita kwenye nyumba ambazo mume na mke wote walikuwa Wakasai, na familia hizo zilihamia stesheni na magodoro yao kungoja treni. Kisha walianza kupita kwenye nyumba zilizochanganyika. Mtaani kwetu utaratibu wao ulikuwa mmoja, na kila mtu aliujua. Walisimama mlangoni, hawakuingia, na walimwuliza mume kama mke wake abaki au aende. Fundi wa umeme wa nyumba ya nne kutoka kwetu alijibu, mbele ya watu, kwamba huyu mwanamke ni wangu na yote aliyo nayo ni yangu. Wakaondoka na hawakurudi. Karani mmoja upande wa kanisa alisema atafikiri. Siku iliyofuata mke wake alikuwa stesheni. Basi Madame Kapinga alijua, nami nilijua, kwamba kubaki kwake kulitegemea maneno machache ya mume wake, na kwamba maneno hayo yatatakiwa kusemwa kwa sauti, mlangoni.

Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu walimu wengi walikuwa Wakasai na wengine hawakulipwa. Madame aliamua kwamba darasa la mwisho litasomea jikoni kwake, kwa kuwa mtihani wa taifa haukuwa umefutwa. Tulianza tukiwa wengi, tukakaa hadi kwenye ngazi. Wanafunzi wa Kikasai walipungua kwanza, kisha waliobaki wakapungua kwa woga. Katika waliobaki alikuwapo Mwepu, kijana mrefu ambaye hakuna aliyemwona akiandika kitu lakini hakukosa siku. Madame hakuwa na darubini wala dawa za maabara. Alikuwa na mume mpimaji. Kazi ya Tata Banza ilikuwa kuyeyusha mawe yaliyosagwa katika asidi na kupima shaba iliyomo. Sampuli ikishapimwa, maji yake ya bluu hayana kazi tena, humwagwa kwenye sinki. Madame aliomba maji hayo. Tata Banza aliyaleta katika mfuko wake wa chakula, yameongezwa amonia mpaka yakawa bluu nzito, kama wino, na harufu yake ilitutoa machozi hadi chupa zilipozibwa kwa nta. Alileta pia chupa za dawa nyingine ya maabara, au labo kama tulivyoiita, ya rangi ya chungwa. Alizipanga mezani mwenyewe, akazifuta kwa leso, na akamwambia mke wake, akicheka, kwamba sasa jiko lake ni tajiri kuliko ofisi ya mkurugenzi.

Somo lilikuwa rahisi kulitazama. Tuliotesha mahindi ndani ya makopo, gizani, chini ya kitanda changu, mpaka yakatoa vichipukizi vyembamba vyeupe. Kisha kila kopo liliwekwa ndani ya boksi la kartoni lenye tundu moja ubavuni, na mbele ya tundu ikasimamishwa chupa, ili mwanga wa dirisha upite kwanza katika yale maji. Boksi moja lilipata bluu, la pili rangi ya chungwa, la tatu liliachwa na tundu wazi. Kwa boksi la nne Madame alisimamisha chupa ya bluu na ya chungwa moja nyuma ya nyingine, na kilichopita katika zote mbili kilikuwa kijani. Alituuliza mche upi utainama kufuata mwanga. Sisi sote tulisema wa kijani. Leo naona kwamba hilo ni kosa la watu wa Kolwezi. Mtoto wa mji mwingine angesema kijani kwa sababu majani ni ya kijani. Sisi tulisema kijani kwa sababu tangu utotoni tuliona wakubwa wakiokota jiwe, wakililamba, na likitoka kijani wakatabasamu: chini yake kuna shaba. Kijani kwetu kilikuwa rangi ya kitu chenye thamani, na hatukuweza kudhani kwamba mche una maoni mengine. Mwepu aliapa kwamba kama si kijani atakula kopo pamoja na udongo wake.

Tuliyafungua maboksi baada ya chakula cha mchana. Nyuma ya bluu, vichipukizi vyote vilikuwa vimeinama kuelekea tundu, kama watu wanaochungulia. Nyuma ya tundu wazi, vivyo hivyo. Nyuma ya chungwa na nyuma ya kijani vilisimama wima, kana kwamba hakuna mwanga ulioingia humo. Madame alimpa Mwepu kijiko. Mwepu alisema kwamba mche hauna macho, hivyo ushindi huu ni wa bahati. Basi kesho yake Madame alichukua karatasi za fedha kutoka kwenye pakiti za sigara za Tata Banza, akasokota kofia ndogo, akavisha ncha za baadhi ya miche na kuiweka yote nyuma ya bluu. Yenye kofia haikuinama. Ile isiyo na kofia iliinama. Kwa hiyo kinachoona kiko nchani, alisema, na kinaona bluu. Msichana mmoja, binti wa mchungaji, alisema ni kama roho inavyomtafuta Mungu. Madame hakupenda maneno ya namna hiyo katika somo. Alisema muhindi hautafuti mtu. Upande wa giza unakua haraka kuliko upande wenye mwanga, na upande mmoja ukirefuka, mwingine hauna njia ila kupinda. Kazi yote ya kuinama inafanywa na upande ambao haukupata mwanga. Tuliandika hivyo.

Kile kinachoona bluu hakuweza kututajia jina. Alisema ndani ya seli kuna kitu, pengine cha rangi ya njano, kwa kuwa kinachomeza bluu huonekana njano, na watu wa sayansi walikuwa bado wanakitafuta. Nilisikia jina lake baadaye sana, nilipotengeneza kipindi cha redio na mhadhiri mmoja kijana wa Lubumbashi, ambaye alishangaa kwamba nilikuwa na maswali mengi juu ya jambo hilo. Alinieleza kwamba ni protini, inaitwa fototropini, na inakaa kwenye utando wa seli. Yenyewe haina rangi. Imeshika ndani yake molekuli ndogo inayotengenezwa kutokana na vitamini B2, ile inayofanya mkojo uwe wa njano mtu anapomeza vidonge. Mwanga wa bluu ukiipiga, molekuli hiyo hujifunga kwenye protini mahali pamoja tu, na kifungo hicho kidogo kinatosha kuifanya protini ibadilike umbo, ifunguke, na kuanza kupeleka ujumbe ndani ya seli. Homoni ya ukuaji inasukumwa kuelekea upande wenye giza, na seli za huko zinarefuka. Kijani na chungwa hupita bila kushika kitu. Alisema protini za jamaa hiyo ndizo zinazofungua vinyweleo vya majani asubuhi, na ndizo zinazosogeza chembe za kijani ndani ya seli: kwenye mwanga hafifu zinakaribia, jua likiwa kali zinajificha. Nilimwuliza mwanga ukiondoka inakuwaje. Alijibu kwamba baada ya muda kile kifungo huachia chenyewe, na protini inarudi kuwa kama ilivyokuwa, tayari kwa mara nyingine. Alilisema kama jambo la kawaida, na katika seli ni la kawaida.

Katika juma lile la maboksi, kaka yake Tata Banza alifika kutoka Lubudi. Tata Umba alikuwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa kando ya reli, mtu mpole, aliyeleta kuku wawili na gunia la viazi vitamu, na aliyemwita Madame shemeki, yaani shemeji, kila alipofungua mdomo. Alikula vizuri. Alisifu sombe. Baada ya chakula Madame aliondoa sahani, akaja kukaa chumbani kwangu juu ya gunia la unga, na akachukua daftari za wanafunzi kuzisahihisha. Hakuzifungua. Tulisikiliza wote wawili. Tata Umba alizungumza kwanza juu ya mvua na bei ya mahindi, kisha sauti ikashuka.

"Mi sisemi eko mubaya," alisema. "Nasema treni iko. Batu banaenda. Hata na bitu yabo banaenda nayo."

"Ni muke yangu, yaya," Tata Banza alimwambia, yaani kaka mkubwa.

"Muke anapatikana. Kazi ya Kampuni, unaiacha, unaipata wapi? Na mutoto hamuna bado."

Tata Banza akasema, "Nitaona."

Tata Umba aliondoka kesho yake akiwa na heshima zake zote, na mlangoni alimshika Madame mkono kwa mikono miwili. Tulipobaki jikoni, Madame alimimina chai na kuniuliza kama nililisikia neno lile. Nikasema ndiyo. Alisema "nitaona" si hapana. Alisema pia si ndiyo. Nilitazamia aseme kitu kingine, lakini alikwenda dirishani kugeuza makopo. Kwa siku zilizofuata alimpikia mume wake bukari ya mahindi matupu, ngumu kama alivyopenda, na wote wawili walicheka zaidi ya kawaida walipokula. Nilikuwa na umri wa kutosha kuona kwamba kicheko kile kilikuwa kazi.

Walikuja siku ya Jumapili, watu wakiwa wamerudi kutoka kanisani. Walikuwa kundi la vijana, baadhi na fimbo, baadhi bado na mashati ya ibada, na aliyewaongoza alikuwa Serafini, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Madame na ambaye sasa alifanya vibarua kiwandani. Majirani walitoka kwenye ngazi zao. Tata Banza alikwenda kwenye mlango wa nyuma, wa jikoni, kwa sababu ndio walioujia. Madame alikuwa mezani akimenya vitunguu. Mimi nilikuwa kwenye mbabula nikisonga bukari. Serafini aliamkia vizuri, akaitikiwa. Alifungua mdomo kuuliza lile swali lililojulikana, kisha jicho lake likapita juu ya bega la Tata Banza hadi dirishani, ambapo jua lilikuwa likipiga chupa, na sakafu yetu yote ilikuwa na mabaka ya bluu. Katika mji ule hakuna aliyehitaji kuambiwa bluu ile ni nini. Mtoto yeyote wa Kolwezi anajua rangi ya shaba ikiwa ndani ya maji, na anajua ni mali ya nani. Kwamba yalikuwa maji ya kumwagwa, yasiyoweza kutoa hata sumni, hilo halikumjia mtu kichwani. Waliona shaba ya Kampuni imefichwa kwenye chupa nyumbani kwa mwanamke wa Kikasai, na waliona wamepata zaidi ya walichokuja kutafuta.

Serafini hakuuliza tena swali la kwanza. Alinyoosha kidole. "Tata Banza, hii ni bitu ya labo. Nani alileta hii hapa?"

Swali hilo lilikuwa na majibu mawili tu. Kama Tata Banza angesema ni yeye, habari ingefika kazini kabla ya jioni, na kwa wakati ule, Kampuni ikitafuta sababu za kupunguza watu, angepoteza kazi, na nyumba ingekwenda pamoja na kazi. Wote waliokuwa pale walilijua hilo. Madame aliacha kumenya. Alimtazama mume wake kama alivyotazama boksi kabla ya kulifungua, bila kumharakisha. Mimi niligeuka na mwiko mkononi, na nadhani midomo yangu ilikuwa imeshafunguka, kwa sababu yeye, bila kuondoa macho kwa mume wake, aliniambia, "Ngoie, angalia bukari isiungue." Niliinamia sufuria. Kwa hiyo niliyasikia tu maneno ya Tata Banza, sikuona uso wake.

"Mumuulize mwenyewe," alisema. "Mi sijui mambo ya masomo yake."

"Ni yangu," alisema Madame. Hakungoja kuulizwa.

Naandika hapa kwamba Serafini hakumtukana. Alimwita Madame hadi mwisho. Madame naye alimkumbusha kwamba aliwahi kukaa darasani kwake, safu ya mbele, na akamwambia kama anajua kilicho ndani ya chupa ainue mkono. Wenzake wawili walicheka. Serafini naye karibu acheke. Kisha akasema, "Madame, tusichoshane. Treni iko," na vijana wakaingia, kwa mara ya kwanza mtaani kwetu wakaingia ndani, wakatoa chupa moja moja na kuzimwaga nyuma ya nyumba, juu ya tuta la lengalenga. Mboga ile ilinyauka kabla ya siku kuisha. Nilikaa katika nyumba hiyo mpaka mtihani, na pale hapakuota kitu, hata majani ya mwituni.

Madame alifunga mizigo asubuhi iliyofuata. Hakumwuliza mume wake juu ya lile jibu la mlangoni, na yeye hakulitaja. Walizungumza juu ya vitu, kama kawaida: sufuria hii ichukue, blanketi ile ni nzito, miwani ya akiba iko wapi. Tata Banza alifunga sanduku lake kwenye baiskeli na kulisukuma hadi stesheni, akitangulia, na mke wake akimfuata na godoro lililokunjwa kichwani, nami nyuma na mfuko wa vitabu. Watu waliotuona njiani wangeweza kudhani ni familia inayohama. Stesheni ilikuwa imejaa mpaka kwenye reli. Watu walikuwa wamejenga vibanda vya mashuka na mabati, walipika kati ya mataruma, na watoto wadogo walikuwa wakifa kwa kuhara na surua. Kila asubuhi watu walitoka na vifurushi vidogo kuelekea makaburini na kurudi mikono mitupu. Treni ilikuja bila ratiba. Ilipokuja haikutosha. Madame alingoja kwa majuma kadhaa, na ndani ya majuma hayo aliwakusanya wanafunzi wake wa Kikasai aliowakuta pale, akaendelea na biolojia kuanzia pale tulipoachia jikoni. Nilikwenda kila nilipoweza. Somo la mwisho nililolisikia kwake lilikuwa juu ya figo.

Tata Banza alikuja kila siku baada ya kazi. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa wengi walileta chakula kwa jamaa zao. Alibeba bakuli limefungwa kwa kitambaa, akalikabidhi, akakaa juu ya sanduku mpaka mke wake amalize kula. Mara ya kwanza nilipokuwapo nilifunua bakuli ili nimpakulie Madame, na ndani yake kulikuwa na bukari iliyochanganywa na muhogo, inayovutika, na yenye madonge. Alikuwa ameisonga mwenyewe, mimi sikumsaidia. Madame alimega, akala, akasema unga umezidi maji. Tata Banza akasema kesho atapunguza. Kesho yake alipunguza. Walikwenda hivyo mpaka siku treni ilipomchukua, mchana, kwenye behewa la mizigo lisilo na paa, na Tata Banza alikuwa kazini.

Yaliyobaki ni mafupi. Mwaka uliofuata Tata Umba alimtafutia ndugu yake mke kutoka kwao, mama mwema, ndiye mjane aliyekuwa ameegemea ukuta. Kazi ambayo neno lile la mlangoni liliiokoa ilidumu muda kidogo, kisha Kampuni yenyewe ikaacha kulipa, na wapimaji na wasafishaji wakawa kitu kimoja. Madame alifundisha Mwene-Ditu hadi alipostaafu. Hakuolewa tena. Haya nilikuwa nayajua vipande vipande kabla ya siku ya kilio, na kwa mtu wa redio hadithi ilikuwa kamili, ila sehemu moja.

Karibu na saa ya chakula Tata Umba alitolewa nje, amezeeka sana, akishikwa huku na huku. Alipita kati ya viti akitoa mkono kwa wageni, na alipofika safu yetu alisimama. Alimtazama Madame. "Shemeki," alisema, "umefika." Yeye aliinuka, akajibu kwamba amefika, yaya, na poleni. Akaketi tena. Mzee alipokwisha kupita, ndipo nilipouliza. Nilimwuliza kama siku ile mume wake angesema chupa ni zake, ingekuwaje.

Alifikiri, jinsi alivyofikiria swali la mwanafunzi ambalo halimo kitabuni.

"Bangemufukuza kazi," alisema. "Nyumba bangechukua. Tungelala ku stesheni, chini, na mvua." Alishika mkoba wake vizuri juu ya magoti. "Wawili. Mi nilikuwa nataka ile."

Sinia ilifika kwenye safu yetu mwisho kabisa. Kijana alitumiminia maji, tukanawa mikono.